MITA YA GARI NA MIZANI YA DUKANI



Tumeombwa, kwa maneno ya upole, tusiyaandike haya tunayoyaandika leo. Aliyetuomba si mtu wa Serikali. Ni mwenzetu katika chama, mtu wa heshima, na sababu aliyoitoa ni kuwa miongoni mwa wauzaji wa gari zitokazo Japani wamo watu wanaotusaidia. Siku ya mkutano hutuazima gari za kuchukulia vipaza sauti, na za kuwapandisha wazee wetu wasioweza mwendo wa miguu. Tumelipima ombi hilo, tukaona hapana budi tuandike. Gazeti lenye kusema ya Serikali peke yake, na kuyanyamazia ya jamaa zake, halistahili kuitwa sauti ya wananchi.

Kila mwenye macho anaona kuwa gari zipitazo katika barabara zetu, Unguja na Pemba, zilizo nyingi zimeundwa Japani, na aghlabu zimekwisha kutumiwa huko kabla ya kuletwa kwetu. Hilo si aibu. Mtu hununua kwa kadiri ya mfuko wake, na gari hizi ndizo zinazowapeleka wagonjwa hospitali, samaki sokoni na watoto skuli. Hatuandiki ili mlango huo ufungwe. Twaandika juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: mnunuzi anaambiwa nini juu ya kitu anachokinunua, na yale asiyoambiwa yanabaki mkononi mwa nani?

Kwanza yafaa tueleze kwa nini gari za Japani zikatuelekea sisi. Sisi twapita kushoto tangu enzi ya Mwingereza. Japani nako hupitwa kushoto, ijapokuwa nchi ile haikupata kutawaliwa na Mwingereza. Kwa hivyo gari iliyoundwa kwa ajili ya Mjapani usukani wake uko kulia, pale pale tunapoutaka sisi. Jambo hili si dogo. Dereva aliyekaa upande wa katikati ya barabara huiona njia kabla hajalipita lori lililo mbele yake. Aliyekaa upande wa ukingoni hana budi aitoe nje nusu ya gari yake ndipo ajue kama njia i wazi au mauti yanamjia. Na taa nazo zina mpango wake: gari ya kupita kushoto humulika zaidi ukingo wa kushoto, isije ikampofua anayekuja. Katika Bujumbura, na katika miji ya mashariki ya Kongo, watu hupita kulia, na juu ya hivyo gari za usukani wa kulia zimejaa kwa kuwa ndizo za rahisi. Ndugu zetu wale wanaishi na khatari hiyo kila siku. Sisi tumeepushwa nayo.

Tena wapo watu wa visiwa waliogeuza nchi nzima kwa ajili ya gari hizi. Samoa, katika bahari ya Pasifiki, walikuwa wakipita kulia tangu walipotawaliwa na Wajerumani. Jamaa zao wengi wanaishi New Zealand na Australia, ambako usukani uko kulia na gari za mkono wa pili ni rahisi. Serikali yao ikakata shauri kuhamia kushoto ili gari hizo ziingie. Wengi hawakuridhika. Waliunda jumuiya ya kupinga, wakaandamana, wakaenda mpaka mahakamani, na mahakama haikuwapa haki. Milango ya mabasi yao ikawa inafungukia katikati ya barabara. Tarehe 7 Septemba 2009, saa 12 za asubuhi, gari zote zilihamia upande wa pili. Serikali ilitoa siku 2 za mapumziko, ikapunguza mwendo, ikazuia ulevi usiuzwe kwa siku 3.

Hatutaji khabari hii kwa mazungumzo tu. Twaitaja ili asitokee mtu wa kutuambia kuwa gari za mkono wa pili ni jambo dogo lisilofaa kuandikwa na chama. Katika nchi ya kisiwa isiyounda gari yake yenyewe, nani analeta gari, za namna gani, na kwa masharti gani, ni jambo la Serikali, la mahakama na la wananchi.

Sasa tutazame gari hizi zinatokaje huko kwao. Japani, gari mpya ya mtu binafsi hukaguliwa kwa amri ya sheria baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama kubwa. Kadhalika, gari ya petroli ikipita miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezwa. Basi mwenye gari hupiga hesabu, akaona kuwa kuiweka ni khasara kuliko kununua nyingine, akaiuza ingali na uzima. Gari hupelekwa mnadani. Huko wapo wakaguzi ambao huizunguka, wakaifungua, wakaiandikia karatasi moja. Katika karatasi hiyo gari hupewa daraja: iliyo nzuri sana hupata 5 au zaidi, ya kadiri hupata 4 au 3 na nusu, chakavu huteremka chini ya hapo, na iliyopata ajali ikatengenezwa hutiwa herufi R. Huchorwa na umbo la gari, na kila mchubuko, kila bonyeo na kila kutu ikatiwa alama mahali pake. Kilomita nazo huandikwa. Na gari ikiisha kununuliwa ili ipelekwe nchi za nje, Serikali ya Japani hutoa cheti cha kuifuta katika daftari lake, na cheti hicho hubeba kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wake.

Kwa hivyo gari inayopanda meli Yokohama au Nagoya haipandi bila ya nasaba yake. Umri wake unajulikana, ajali yake inajulikana, mwendo wake unajulikana. Kisha gari hiyo hiyo ikiteremka kwetu na kusimamishwa uwanjani kuuzwa, huikuta imeoshwa, imepakwa rangi nyeusi magurudumu, imetiwa manukato ndani, na khabari zake zote zimekuwa maneno ya mdomo. Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda hawakukosea.

Tunamjua ndugu yetu mmoja wa Wete. Jina lake hatulitaji, wala la aliyemuuzia. Mwanachama huyu alikusanya pesa za karafuu za msimu mmoja, akaongeza bangili za mkewe, akanunua kigari cha kuchukulia samaki mpaka Chake Chake. Mita ilisoma kilomita 68,000. Muuzaji alimhakikishia kuwa gari ilikuwa ya bibi mzee wa Kijapani aliyekuwa akiendea sokoni tu. Mwezi wa tano giaboksi ikakataa mlimani, samaki wakaoza ndani ya gari juani. Fundi alipofungua mlango wa dereva ili achunguze, aliona ubavuni kibandiko kidogo cha Kijapani, kile wanachobandika mafundi wa huko wakibadilisha oili. Maneno yake hakuna aliyeyajua, lakini tarakimu ni tarakimu kwa watu wote. Imeandikwa 143,000.

Ndugu yetu alikwenda kwa muuzaji na kibandiko mkononi. Alijibiwa: “Uliiona mwenyewe, ukaijaribu mwenyewe, ukaridhika.” Hakuwa na karatasi ya mnada, kwa kuwa hakuonyeshwa. Hakuwa na cheti cha Japani, kwa kuwa hakujua kama kipo. Alikuwa na risiti ya pesa alizotoa, na kadi yenye jina lake. Mpaka leo kigari kipo nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani yake, na bangili zimekwenda.

Sisi ni watu wa duka, na jambo hili twalitazama kwa macho ya dukani. Katika duka letu ipo mizani. Mawe yake hayakuwa mali yetu ya kuyafanya tupendavyo. Mkaguzi wa vipimo huja, akayapima, akayapiga muhuri, na akikuta jiwe la ratili limekwanguliwa chini, mwenye duka hushitakiwa. Hakuna anayesema kuwa mteja aliuona unga akaridhika. Mteja hanunui unga kwa macho. Ananunua kwa kuiamini mizani. Na sisi tuliosoma vyuoni tunajua kuwa wenye kupunja vipimo wamepewa onyo kali kabisa, na kuwa ila ya bidhaa husemwa kabla pesa hazijapokewa. Hayo tulifunzwa tungali watoto, na mbao zetu mikononi.

Mita ya gari nayo ni mizani. Ndiyo inayopima umri wa injini, wa giaboksi na wa mikanda. Mwenye kununua gari ya kilomita 68,000 ananunua maisha yaliyobakia ya gari, kama anunuaye pishi ya mchele. Akipewa yenye 143,000 amepunjwa zaidi ya nusu ya kipimo chake. Zamani mita ilirudishwa nyuma kwa bisibisi. Sasa hurudishwa kwa kompyuta ndogo ya mkononi, kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Aliyeiba ratili moja ya sukari dukani ni mwizi. Basi aliyeiba kilomita 75,000 tumwite nani?

Tena khasara haikomi penye pesa. Mkanda wa injini hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita. Mwenye gari aliyedanganywa hungoja mpaka ifike kilomita laki moja, kumbe imekwisha kupita zamani, na mkanda ukakatika akiwa njiani na abiria. Breki, mipira na viungo vya usukani vyote vina hesabu yake. Gari iliyotoka kaskazini ya Japani, ambako barabara hutiwa chumvi kuyayusha theluji, huwa imeliwa na kutu chini, mahali asipotazama mnunuzi, na kutu hiyo ikafika kwetu kukutana na chumvi ya bahari. Karatasi ya mnada ina mahali pa kusema hayo. Aliyeificha hakuficha karatasi tu. Ameficha khatari ya roho za watu.

Gari yenyewe hujaribu kusema, lakini husema kwa lugha yake. Kila asubuhi madereva wetu wengi huamkiwa kwa Kijapani na sauti ya mwanamke ndani ya gari, wakacheka, wasijue kuwa anawaambia kadi ya kulipia njia haimo. Redio zake ziliundwa kwa mawimbi ya Japani, yanayoanzia 76, na stesheni zetu nyingi zimo juu ya mwisho wake. Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni kitabu cha maelezo kilichoandikwa Kijapani, na kibandiko kinachotaja oili makhsusi ya giaboksi, ambacho hatukisomi. Fundi akatia oili ya namna nyingine, na giaboksi za siku hizi zenye mkanda wa chuma hazisamehi kosa hilo.

Zipo nchi jirani zilizojaribu kuyatatua haya kwa umri. Kenya haipokei gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Uganda ilitunga sheria mwaka 2018 kuzuia zilizopita miaka 15. Sisi hatuwalaumu, lakini hatuoni kuwa hiyo ndiyo dawa ya kutufaa. Gari ya miaka 12 iliyotunzwa vizuri, na mita yake ni ya kweli, ni bora kuliko ya miaka 6 iliyopinduka na kunyooshwa. Ukiweka mpaka wa umri peke yake, maskini atakosa gari na mwongo atabaki na uwongo wake. Tunachotaka si gari mpya. Tunachotaka ni gari ya kweli.

Na Serikali isituambie kuwa haina njia. Forodha, inapotoza ushuru wa gari ya mkono wa pili, hairidhiki na maneno ya mleta gari kuhusu bei yake. Inalo jedwali lake la thamani, na kwa jedwali hilo hutoza. Gari yenyewe, nauli ya meli na bima hujumlishwa, kisha ushuru, kisha kodi juu ya jumla ya hivyo. Serikali imejikinga na uwongo wa bei, na imefanya vyema. Lakini ikiwa Serikali yenyewe, yenye askari na mahakama, haiyaamini maneno matupu ya mleta gari, kwa nini mvuvi wa Wete aachiwe ayaamini? Ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini upo, na hatuukanushi. Ila ukaguzi ambao mnunuzi wa mwisho haupati mkononi ni kama taa iliyowashwa ndani ya sanduku.

Kwa hivyo sisi twadai mambo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi:

Kwanza, karatasi ya mnada na cheti cha Japani cha kufuta usajili vifuatane na gari mpaka kwa mnunuzi, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, na aonyeshwe kabla hajatoa pesa.

Pili, kilomita zilizo katika cheti hicho ziandikwe katika kadi ya gari siku inaposajiliwa, na ziandikwe tena kila inapokaguliwa, ili kila atakayeinunua baadaye azione.

Tatu, kurudisha mita kuhesabiwe sawasawa na kukwangua jiwe la mizani, na aliyepunjwa arudishiwe pesa zake, si mwenye kosa kutozwa faini tu ikaingia katika hazina.

Nne, namna ya kuhesabu ushuru na kodi za gari ibandikwe bandarini kwa Kiswahili chepesi, pamoja na mfano wa hesabu, ili raia ajue alicholipa na alicholipishwa.

Hayo ni ya Serikali. Sasa turudi kwetu, kwani nyani haoni kundule.

Wafanyabiashara wa gari waliomo katika chama, wako waaminifu, na sisi twawajua. Hao hawatachukizwa na maneno haya, maana mwaminifu ndiye anayepata khasara anaposhindana na mwongo. Kwa hao twatoa ahadi: kila atakayeibandika karatasi ya mnada katika kioo cha gari anayoiuza, pamoja na tafsiri yake, gazeti hili litamtaja kwa wema bila ya malipo. Na kwa wale wasiotaka kuonyesha, shauri letu kwa kamati za chama ni kuwa gari zao tusiziazime tena. Vipaza sauti vitakwenda kwa mkokoteni, kama vilivyokuwa vikienda zamani, na wazee wetu tutawafuata sisi majumbani kwao. Ni vibaya tusimame juu ya gari ya mtu aliyempunja mwanachama wetu, tukaitukana dhulma ya wengine kwa sauti kubwa.

Na wewe mwanachama unayetaka kununua, usiyaachie yote kwa Serikali wala kwa chama. Dai karatasi ya mnada. Dai cheti, kisha ulinganishe namba ya chesisi iliyomo na ile iliyogongwa katika gari, herufi kwa herufi. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Fungua milango na boneti, utafute vibandiko vya oili na vya mkanda, usome tarakimu. Tazama pedali za breki na usukani: gari ya kilomita chache haina pedali iliyolika. Lala chini uitazame kutu. Maneno yote muuzaji anayoyasema juu ya mwendo wa gari na ajali zake, yaandikwe katika risiti na atie saini mbele ya mashahidi wawili. Akikataa kuyaandika, amekwisha kukujibu. Na usione haya. Mtu anayepima mchele wa shilingi chache mara mbili, hana sababu ya kuona haya kuipima gari iliyokula mavuno ya mwaka mzima.

Twajua kuwa baada ya gazeti hili kusomwa barazani, wapo watakaosema tumewavunja moyo wasaidizi wa chama. Tutawajibu kwa insafu. Chama hiki kilianza bila ya gari hata moja, na watu walikuja. Walikuja kwa kuwa waliambiwa ukweli. Siku watakapoona kuwa kwetu nako ukweli una mita inayorudishwa nyuma, hakuna gari itakayotosha kuwaleta tena.

Mwenye kujibu na alete jibu lake kwa maandishi, akiwa muuzaji au mnunuzi, nasi tutalipiga chapa kama lilivyo. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutuongoza sote katika haki.